88 ya Nani? Kipimo cha Figo na Mwenye Damu Yake

Kreatinini ya mikromoli 88 kwa lita ya damu ni jibu la kila siku katika maabara yoyote ya Mombasa. Mashine huitoa bila alama ya onyo pembeni, mhusika hutia sahihi, na mgonjwa huikunja karatasi yake akaenda zake moyo umetulia. Kijana wa miaka 25 anayepakua mizigo bandarini akipata 88, fomula inayotumiwa siku hizi kukadiria kasi ya figo kuchuja damu humpa takriban mililita 107 kwa dakika, na hapo hana la kumtia wasiwasi. Bi mkubwa wa miaka 80 akipata 88 hiyo hiyo, fomula hiyo hiyo humpa takriban 57, kiwango ambacho kikidumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Karatasi zao mbili ukizifunika majina na umri, hutaona tofauti yoyote. Ndiyo maana jirani au jamaa anaponiletea karatasi ya aina hii na kuniuliza, kwa vile mimi ni mtu wa maabara, kama mafigo yako sawa, humuuliza kwanza ni ya nani.

Nieleze kidogo namba hii inatoka wapi, kwani mengi yatakayofuata yanategemea jambo hilo. Misuli huhifadhi nguvu kwa kemikali iitwayo kreatini, na kila siku sehemu ndogo ya kreatini hiyo hugeuka kuwa kreatinini, taka ambayo mwili hauna kazi nayo. Taka hiyo huingia katika damu, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Kiasi kinachokutwa katika damu basi hutegemea kilichotengenezwa na kilichotolewa, na mashine yetu hupima kilichobaki tu, isijue kama kimebaki kingi kwa sababu figo zimelegea au kwa sababu mwenyewe ana misuli mingi. Yurea, mwenzake katika kipimo ambacho madaktari wetu hukiandika UEC kwenye fomu (yurea, chumvi za damu kama potasiamu, na kreatinini), ina asili nyingine: ini huitengeneza kutokana na protini, na mwili ukipungukiwa maji, figo huirudisha kwa wingi katika damu pamoja na maji zinayoyaokoa. Kwa hiyo yurea huyumba zaidi. Aliyepungukiwa maji, aliyekula nyama nyingi, anayetumia dawa za steroidi na anayevuja damu tumboni kwa vidonda wanaweza wote kuwa na yurea ya juu ilhali kreatinini yao imetulia. Na aliyekonda kwa kukosa chakula chenye protini, au mwenye ini lililoharibika, huwa na yurea ya chini ambayo haithibitishi kamwe kwamba figo zake ni nzima.

Miongoni mwa wanaokuja na hofu kubwa kuliko ugonjwa, wengi ni vijana wa mazoezi. Alinijia mmoja, mwalimu wa jimu upande wa Nyali, aliyepimwa kwa ajili ya kazi mpya akapata 128, na pembeni pameandikwa herufi ya kuonyesha kwamba imezidi. Alikuwa amekesha na simu yake akisoma habari za kusafishwa damu, macho mekundu. "Kaka, nambie kweli, figo ndiyo imekwisha?" Nilimuuliza alikula nini usiku wa kuamkia kipimo. Alikula mishkaki, akaongeza nyama ya kuchoma, na asubuhi akanyanyua vyuma kabla ya kutolewa damu. Tena kila siku hunywa unga wa kreatini unaouzwa kwa wajenga mwili. Moto wa kupikia hugeuza kreatini iliyomo ndani ya nyama kuwa kreatinini, nayo hupanda katika damu ya mlaji kwa saa kadhaa, na ndiyo sababu ya shauri la kutokula nyama saa 12 kabla ya kipimo hiki. Daktari aliyemwona alipima mkojo, hakukuta protini wala damu, akamwambia auweke unga kando, apumzishe misuli, kisha arudie. Safari ya pili ilikuwa 104.

Lakini nisieleweke kwamba kila mwenye kifua kipana amesamehewa. Kijana wa aina hiyo anaweza pia kuwa na presha asiyoijua, na kwake mkojo na kipimo cha presha vina ushahidi mzito kuliko kreatinini. Kipo pia kipimo cha sistatini C, protini inayotengenezwa na karibu seli zote za mwili na isiyotegemea misuli kwa kiasi kama hicho, ingawa nayo huvurugwa na matatizo ya tezi ya shingoni, steroidi na uvutaji wa sigara. Ni kipimo ghali, na si kila maabara inacho.

Upande wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu hauna herufi ya onyo pembeni. Bi mkubwa yule wa miaka 80 tuseme ana uzito wa kilo 42, mikono imekonda, na kwa siku nzima hula kipande cha mkate, chai na mchuzi wa samaki kidogo. Misuli yake hutengeneza kreatinini haba, kwa hiyo figo zilizochoka zinaweza kuimudu na namba ikabaki nzuri. Fomula ya zamani ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa mwaka 1976 na ambayo huuliza pia uzito wa mtu, humpa takriban mililita 30 kwa dakika. Hiyo ndiyo mara nyingi hutumiwa kupimia kipimo cha dawa, na kati ya 57 na 30 kuna tofauti kubwa ya vidonge. Metformin, ambayo wenye kisukari wengi wa hapa huimeza, hupunguzwa figo zinaposhuka na husimamishwa kabisa uchujaji ukiwa chini ya 30. Ajuza huyo aliyeandikiwa dozi kamili kwa kuwa "karatasi iko sawa" yuko hatarini bila mtu yeyote kuona. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, kwa aliyepooza akalala kitandani miezi, na kwa mtoto au kijana mwenye ugonjwa wa seli mundu, maradhi yaliyoenea katika Pwani yetu, ambaye figo zake huchuja kupita kiasi katika miaka ya mwanzo na kutoa kreatinini nyingi, hata zikianza kuharibika namba yake ikawa bado ni ya kupigiwa mfano.

Sasa niingie dukani, maana kama kuna jambo moja ningependa kila fomu ya maabara iliulize, ni dawa. Pita barabara yoyote kutoka Mwembe Tayari hadi Majengo utakuta maduka ya dawa, na katika kila duka utakuta mtu anayeulizia ya mgongo au ya magoti. Diclofenac na ibuprofen hununuliwa vidonge viwili vitatu ndani ya kipande cha karatasi, na mnunuzi hahesabu kuwa amemeza dawa. Muulize, "Mzee, unatumia dawa gani?" atataja ya presha na ya sukari, ya magoti hataitaja. Mshipa mdogo unaoleta damu kwenye chujio la figo huachwa wazi kwa msaada wa kemikali ambazo dawa hizi za maumivu huzizuia. Mtu mwenye afya na aliyekunywa maji ya kutosha huvumilia. Lakini mzee anayemeza enalapril au losartan kwa presha, ambazo hulegeza mshipa wa upande wa kutokea na kushusha msukumo ndani ya chujio, na juu yake anameza dawa ya kukojosha, kisha akaongeza diclofenac kwa wiki nzima, amefunga mlango wa kuingilia, ameachia wa kutokea na amepunguza kinachopita. Kreatinini yake ikipanda ghafla, ni mkusanyiko wa dawa tatu zilizotolewa na watu watatu wasiojuana, kila mmoja akiwa na nia njema.

Hapo kuna jambo linalochanganya hata wahudumu. Enalapril na losartan zenyewe zinapoanzwa, kreatinini inaweza kupanda kidogo, na madaktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30 kwa sababu kupunguza msukumo huo ndiko kunakozihifadhi figo za mwenye kisukari au mwenye protini katika mkojo kwa miaka ijayo. Nimeona watu waliojiachisha dawa hizo kwa hofu ya namba, presha ikaruka, na figo zikaumizwa na presha yenyewe. Wakati mwingine namba hupanda na figo zisiwe zimeguswa hata kidogo. Sehemu ya kreatinini haichujwi bali husukumwa na kuta za mirija ya figo kuingia katika mkojo, na dawa zinazoziba mlango huo huiacha katika damu bila kudhuru uchujaji. Trimethoprim iliyomo ndani ya Septrin ni moja. Nyingine ni dolutegravir, ambayo imo katika kidonge cha kila siku cha wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa nchini. Atumiaye dolutegravir huweza kuona kreatinini ikipanda kwa 10 hadi 15 katika wiki za mwanzo kisha ikasimama hapo. Ila ndani ya kidonge hicho hicho kuna tenofovir, ambayo kwa baadhi ya watu huidhuru mirija ya figo kweli. Kwa hivyo ongezeko lililosimama lina maana yake, na linaloendelea kupanda lina maana nyingine, na karatasi moja peke yake haiwezi kuyatenganisha.

Na mitishamba? Siidharau, nimelelewa nayo. Ninalolikataa ni chupa isiyo na jina, inayonywewa kila asubuhi kwa "kusafisha damu" na mtu ambaye hatamwambia daktari habari zake. Nitatoa mfano wa kitu tunachokijua wote, kisichotoka kwa mganga yeyote: birimbi. Katika achari na kachumbari, birimbi chache kando ya wali hazina neno kwa mtu mzima wa afya. Lakini tunda hili lina asidi ya oksaliki nyingi, na huko Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu waliokunywa maji yake mazito yaliyokamuliwa, wakitumaini kupunguza mafuta mwilini, figo zao zikafeli kwa siku chache kwa kujaa chembe za oksaleti. Wengi wao walipata nafuu, baadhi baada ya kusafishwa damu. Ninalitaja kwa sababu mtu huyo akiulizwa kama ametumia dawa yoyote atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli.

Joto la mji huu nalo lina sehemu yake. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, msukuma mkokoteni wa Kongowea hupoteza jasho tangu alfajiri, na maji ya kunywa ni ya kununua kwa mtungi kwa sababu ya visima vingi hutoka ya chumvi. Akitolewa damu saa 9 alasiri, yurea itakuwa juu na kreatinini huenda imenyanyuka. Akinywa maji, akapumzika na kurudia baada ya siku mbili tatu, mara nyingi vyote hushuka. Ramadhani huleta sura inayofanana nayo: mfungaji aliyepimwa alasiri huwa na mkojo mzito na yurea iliyopanda kidogo, na aliyepimwa baada ya futari yenye nyama ana kisa kingine. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, mabadiliko haya hubaki ndani ya mipaka. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari ndiye anayepaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si katikati ya kumi la mwisho. Hatari ya kweli ni pale upungufu wa maji unapokutana na jambo jingine, kama kuharisha, kutapika, malaria kali au ile diclofenac ya magoti. Shirika la Afya Duniani huihesabu kreatinini inayozidi 265 kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali.

Potasiamu, ile chumvi ya damu inayopimwa katika UEC, nitaigusia kwa ufupi, kwa kuwa mara nyingi kosa lake si la mgonjwa. Sampuli inayotolewa ng'ambo ya Likoni, ikangoja bodaboda, kisha ikangoja feri, kisha ikakaa kaunta bila kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha, seli zake huvuja potasiamu na jibu likaja la kutisha. Mgonjwa naye huweza kulichangia kwa kukunja na kukunjua ngumi mfululizo mkono ukiwa umefungwa mpira. Anayejulikana kuwa na figo dhaifu hana budi kukumbuka kwamba dafu, tunalolinywa kama maji, lina potasiamu nyingi sana.

Wajawazito wanasahaulika mno. Mimba huongeza kasi ya uchujaji kwa karibu nusu, hivyo kreatinini hushuka, na mama mwenye mimba anayepata 88 hayuko salama hata kama mashine haikuweka alama. Kwake inayozidi takriban 77 inahitaji kuangaliwa, hasa miguu ikiwa imevimba na presha imepanda. Kwa wazee wa kiume swali la kwanza liwe la mkojo: unatoka kwa nguvu, au unakatikatika, na usiku unaamka mara ngapi? Tezi dume iliyokua huziba njia, mkojo hurudi nyuma, na figo zisizo na ugonjwa wowote wa ndani huanza kushindwa. Waliokulia Kwale au kando ya Mto Tana wakicheza katika mabwawa wana sababu nyingine ya kuziba, nayo ni kichocho cha zamani kilichoacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo. Picha ya utrasaundi huonyesha jambo hili kwa dakika chache, lakini lazima awepo mtu aliyeuliza umelelewa wapi.

Fomula zenyewe nazo hazikutungwa kwa ajili yetu. Ile ya mwaka 1999 na ile ya 2009 zilikuwa na kizidisho kwa watu weusi, kilichotokana na takwimu za Wamarekani weusi, na katika ile ya 2009 kiliongeza jibu kwa karibu asilimia 16. Mtu wa Kisauni aliyehesabiwa kwa kizidisho hicho alionekana kuwa na figo bora kuliko alizo nazo. Toleo la 2021 lilikiondoa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanywa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, ambao ulipima uchujaji wenyewe badala ya kuukadiria, na ukaonyesha kuwa fomula zinazotegemea kreatinini ziliwapa watu wa huko figo nzuri kuliko uhalisia, wakati sistatini C ilikaribia ukweli zaidi. Sishangai. Watu waliokonda na wasiokula nyama kila siku ni wengi katika nchi hizo, kama walivyo wengi hapa.

Kwa maoni yangu, karatasi yenye thamani kuliko zote ni ile ya mwaka jana. Mipaka tunayoichapisha imepatikana kwa kuchukua watu wazima wengi na kukata wale walio kwenye ncha mbili, hivyo katika kila watu 20 wenye afya mmoja huangukia nje bila kosa lolote. Kreatinini ya mtu mmoja, kwa upande mwingine, huzunguka mahali pamoja palipo pembamba zaidi ya mipaka hiyo. Mwanamke ambaye miaka yote ni 55, leo akiwa 88, amepoteza zaidi ya theluthi ya uchujaji wake, na kwa mujibu wa karatasi bado hajavuka mpaka. Tatizo ni kwamba watu hutupa karatasi, au hupima leo hapa na kesho kule. Baba mmoja wa Mji wa Kale aliwahi kuniwekea mbili mezani, moja ya 1.3 na nyingine ya 115, akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana figo kuharibika kiasi hicho ndani ya wiki. Ya kwanza ilikuwa kwa miligramu, ya pili kwa mikromoli, ukizidisha 1.3 kwa 88.4 unapata 115. Zilikuwa jibu moja. Alicheka, akazikunja, kisha akakiri kuwa tayari alikuwa ameshaita wanawe.

Nimesema mengi juu ya kurudia kipimo, na wapo ambao hawana muda huo. Aliyepandisha kreatinini kwa 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au mara moja na nusu ya kawaida yake ndani ya wiki, figo zake zimeumia sasa hivi, hata kama namba yenyewe inaonekana ndogo. Potasiamu inayozidi 6.5, ikiwa sampuli haina kasoro, inaweza kuusimamisha moyo. Aliyeacha kukojoa, anayehema akiwa amelala, anayetapika na kuchanganyikiwa, au aliyevimba uso na miguu kwa siku chache, hangoji ushauri wangu wala wa jirani: apelekwe usiku huo huo hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, na anayemsindikiza achukue karatasi zote za zamani pamoja na mfuko wenye kila anachomeza, cha daktari, cha duka na cha chupa isiyo na jina.